Masurufu Hayajarudi: Kumsimamia Mfanyakazi Mwenye ADHD

Kila ofisi inayotuma watu mikoani ina mtu wa aina hii. Akiwa Newala au Kibondo hana mpinzani: wanakijiji wanamsikiliza, gari likiharibika anapata jingine dereva akiwa bado ameinama kwenye boneti, mkutano uliokwama anaukwamua. Akirudi ofisini, kurejesha masurufu kunamshinda. Risiti moja iko kwenye begi, ya pili imefuliwa pamoja na suruali, ya tatu haijulikani ilipo. Ripoti ya kurasa tatu, ambayo ukimwuliza kwenye ngazi atakusimulia yote kwa dakika kumi, inachukua wiki sita. Mhasibu analalamika, mshahara unakatwa, mwenyewe anaomba radhi na ukimtazama unaona kabisa kwamba anamaanisha. Safari inayofuata mambo ni yaleyale.

Msimamizi huwa na jibu lake tayari: "Huyu akitaka anaweza." Ameshamwona akiweza, kwa hiyo asipofanya ni uzembe, au dharau, au ana mtu wake juu anayemlinda. Wakati mwingine ni uzembe kweli. Lakini mtu anayeng'ara kwenye dharura na kuzama kwenye kazi ndogo ya kila mwezi, mwaka hadi mwaka, huku akikatwa fedha zake mwenyewe, hafanani sana na mzembe. Mzembe hujitafutia unafuu. Huyu analipa gharama kubwa kuliko nusu saa ya kukaa chini na kubandika risiti, na bado hakai. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakopaswa kukushtua, maana ni mojawapo ya sura za ADHD kwa mtu mzima.

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza hali hii kwa miongo kadhaa, husisitiza kwamba mwenye ADHD hana shida ya kujua la kufanya. Shida yake ni kulifanya analolijua, palepale na wakati uleule linapotakiwa. Msimamizi akiliweka hilo moyoni, nusu ya anayofanya sasa ataiacha. Hatampeleka mtu huyu Morogoro kwa siku mbili za semina ya kutunza muda, kwa sababu somo hilo analijua na pengine angeweza kulifundisha. Hatamwandikia barua ya tatu ya kumkumbusha umuhimu wa masurufu. Msaada atausogeza hadi pale kazi inapofanyikia: kwenye kituo cha mafuta ambako risiti inatolewa, na kwenye saa ileile anayorudi kutoka safari.

Kwanza maelezo machache ya kitabibu. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Imo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Haianzi ukubwani: ili mtu apewe jina hilo, madaktari hutafuta dalili zilizokuwapo kabla ya umri wa miaka 12. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali huikadiria kwa takriban asilimia 5 ya watoto na karibu asilimia 2.5 ya watu wazima, maana yake ofisi ya watu 80 inaweza kuwa nao wawili bila yeyote kujua, wao wenyewe wakiwamo. Wanawake hupitwa zaidi, kwa kuwa wengi wao hawakuwa watoto watukutu wa kuruka madawati. Walikuwa wale wa dirishani, watulivu, mawazo yao mbali, na hakuna mwalimu anayempeleka mtoto mtulivu hospitali.

Baada ya kusoma hayo, tafadhali usirudi ofisini kesho ukaanza kugawa majina ya magonjwa. Kuchelewa kunaweza kuwa foleni ya Mbagala. Kusahau kunaweza kuwa msiba, kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto mchanga, sonona, tezi ya shingo, upungufu wa damu. Kumwambia mtu "nadhani wewe una ADHD" ni kuvuka mpaka, na ukilisema mbele ya wengine umeshamharibia. Zaidi ya hayo, huhitaji kujua jina la hali yake ili umsaidie. Unachohitaji kujua ni kazi ipi inakwama, na inakwamia wapi.

Mazungumzo yaanzie hapo. Ofisi zetu zimezoea swali la "kwa nini". Kwa nini hukuleta? Jieleze kwa maandishi. Mtu aliyesikia swali hilo tangu darasa la pili ana majibu hamsini yaliyokwisha kukaririwa, na hakuna hata moja litakalokusaidia wewe wala yeye. Mwite faraghani, mtaje kwa heshima aliyozoea, kisha uliza kama fundi anavyouliza. "Kaka, masurufu ya Juni na ya Agosti yote yalichelewa. Nieleze hatua kwa hatua, ukishuka tu kwenye basi. Unafanya nini kwanza? Inakwama wapi?" Pengine atakwambia kwamba fomu haijui iko faili lipi, kwamba akifungua kompyuta anakuta barua pepe mia mbili na hajui aanze na ipi, kwamba ripoti akiianza anataka iwe nzuri na kwa hiyo haianzi. Kila jibu kati ya hayo lina tiba yake ya bei nafuu. "Jitahidi zaidi" haitibu hata moja.

Kwa masurufu yenyewe ningefanya hivi. Jioni ya kila siku ya safari, kabla ya chakula, apige picha risiti za siku hiyo na kumtumia mhasibu kwenye WhatsApp. Mhasibu ajibu "nimepata", neno moja tu, kwa sababu bila jibu zoezi litakufa siku ya tatu. Siku anayorudi, kabla hajafika mezani kwake, apitie kwa mhasibu na wakae pamoja mpaka fomu ijae. Ripoti aisimulie kwa sauti, ajirekodi kwenye simu akiwa bado na vumbi la safari, halafu aandike akijisikiliza. Ndiyo, mhasibu atasema yeye si yaya. Mwonyeshe ni saa ngapi kwa mwezi anazitumia kumfukuzia mtu huyohuyo.

Kuna jambo hapo la kukaa na mtu pembeni ambalo wenye ADHD wengi hulisema wenyewe: kazi isiyoanzika ukiwa peke yako huanzika mwenzako akiwa kando, hata kama yeye anafanya yake na hamzungumzi. Tafiti zake bado ni chache, lakini halina gharama na halimdhuru mtu. Ofisi inayomhamishia "msumbufu" kwenye chumba cha peke yake ili atulie huenda imemwondolea kitu pekee kilichokuwa kinamshikilia. Mwulize kabla ya kumhamisha.

Sasa maagizo. Hapa ndipo wasimamizi wengi, na sisemi kwa ubaya, huitengeneza shida wenyewe. Bosi yuko kwenye gari anaelekea uwanja wa ndege. Anabonyeza kitufe cha sauti na kutuma dakika nne za maneno ndani yake mkiwa na maagizo saba, mawili yakitengua mengine mawili, na la muhimu kuliko yote likiwa limejificha kati ya salamu za mwisho. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri ya muda mfupi atayachambua. Mwenye ADHD atashika la kwanza na lile lililomchekesha. Kama ni lazima utume sauti, tuma, kisha andika chini yake mistari mitatu: nini, lini, apewe nani. Na agizo lililotolewa koridoni halijatolewa mpaka liandikwe. Yeyote kati yenu anaweza kuliandika, lakini mkubaliane ni nani. Mimi ningempa yeye aandike na kukutumia, kwa sababu ujumbe wake utakuonyesha papo hapo alichoelewa.

Maagizo yakae mahali pamoja. Ofisi nyingi zina grupu la idara, grupu la mradi, grupu la harusi ya mwenzetu, barua pepe, na daftari la bosi, na kazi zimetapakaa kote humo. Chagueni mahali pamoja, hata kama ni ubao mweupe ukutani. Ubao una faida ambayo simu haina: hauzimiki, na hauna video za mpira ndani yake.

Wataalamu wa hali hii hupenda kusema kwamba ubongo wa ADHD unajua nyakati mbili tu, sasa na siyo sasa. "Wiki ijayo" iko katika ile ya pili, pamoja na mwaka ujao na kiama. Tarehe ya mbali haimsukumi. Ikifika usiku wa kuamkia, ndipo injini inapowaka, naye anafanya kazi hadi alfajiri na kukuletea kitu kizuri chenye makosa matano. Dawa yake ni kuzileta tarehe karibu. Chukua ritani ya VAT, ambayo Tanzania inatakiwa ifike tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usimwambie mhasibu wako msaidizi "kumbuka tarehe 20". Mwambie ankara za mauzo ziwe mezani kwako tarehe 8 saa nane mchana, za manunuzi tarehe 11, ulinganisho tarehe 14, na kila siku hizo uwepo kweli kuzipokea. Tarehe ya mtego, ambayo bosi anaitaja halafu siku ikifika hayupo wala hakumbuki, atagundua ni ya mtego mara ya kwanza tu, na hutaitumia tena.

Kelele za ofisini zinastahili neno, ingawa ushauri wa kawaida wa kumtafutia mtu chumba tulivu hauendani sana na ofisi zetu. Vyumba havipo. Kuna televisheni mapokezi, jenereta la jirani, na wageni ambao hawawezi kupita meza bila salamu, na hiyo salamu si jambo la kufuta, maana anayepita bila kusalimia atasemwa mpaka Idi. Kinachowezekana ni kumtoa kwenye meza iliyo mlangoni, anakosalimiwa mara arobaini kwa siku, na kukubaliana kama idara kwamba saa tatu hadi saa tano asubuhi hakuna anayemwita mwenzake kwa lisilo la dharura. Akivaa vipokea sauti masikioni, watu waelezwe mapema. Wasipoelezwa, kijana anayevaa vile mbele ya mzee wa idara ataonekana ana kiburi, na hapo umeanzisha ugomvi mpya ili kutibu wa zamani.

Kuhusu saa ya kufika, tofautisha kazi na kazi. Muuguzi anayepokea zamu, mlinzi, keshia wa benki: hawa lazima wafike, kwa kuwa kuna mtu anayewasubiri aondoke. Mbunifu wa matangazo au mtunza takwimu anaweza kuanza saa tatu na kutoka saa kumi na moja bila dunia kusimama. Nimeona ofisi zinazomlazimu mtu wa aina hii ya pili kuweka kidole kwenye mashine saa moja na nusu kamili, halafu hakuna anayetazama alichokifanya mpaka jioni. Mashine inapima kiti.

Vikao virefu ni mateso kwake, na kwa kweli ni mateso kwa wote, ila yeye anaonekana. Anayechora kwenye karatasi huenda ndiye anayesikiliza kuliko wote. Mruhusu asimame nyuma. Mpe ajenda siku moja kabla.

Nafika kwenye jambo ambalo nadhani lina uzito kuliko mbao na tarehe zote: namna unavyomkosoa. Mtu aliyekulia na ADHD amesemwa sana. Nyumbani aliambiwa hana adabu, shuleni alichapwa kwa daftari aliloliacha nyumbani, chuoni alirudia somo alilolijua. Anapoingia ofisini kwako ngozi yake ni nyembamba, na karipio dogo mbele ya wenzake linaweza kumzimisha wiki nzima, au kumfanya ajibu neno ambalo nyote mtalijutia. Wengine hujificha: kazi iliyochelewa siku mbili inakuwa ya wiki tatu kwa sababu anaona aibu kusema imechelewa. Kwa hiyo ukosoaji uwe wa faragha, uwe mfupi, na uwe wa siku ileile. Kumwekea mtu makosa ya Februari mpaka tathmini ya Desemba hakumfai mfanyakazi yeyote. Kwa huyu ni kama kumsomea hukumu ya mtu mwingine. Na mjenge kanuni ambayo utaitimiza bila kukosa: anayesema mapema "nimekwama" hafokewi. Utakapoivunja mara moja tu, utarudi kwenye wiki tatu za ukimya.

Akifanya vizuri, mwambie siku hiyohiyo, kwa kutaja alichofanya. Kuna wasimamizi wanaoona kusifu ni kudekeza. Sikubaliani nao, lakini pia sikubaliani na wimbi jipya la kuiita hali hii kipaji maalumu. Mtu aliyepoteza kazi nne na ndoa moja hahitaji kuambiwa ana bahati. Ana anachokiweza na anachokishindwa, kama wewe, tofauti ni kwamba pengo lake ni kubwa zaidi. Mpeleke kwenye anachokiweza kadiri kazi inavyoruhusu. Kama anafungua wateja wapya vizuri na mwenzake anapenda makaratasi, wape wabadilishane baadhi ya majukumu, kwa uwazi na kwa hiari ya wote wawili.

Wenzake watanung'unika. "Mbona yeye?" Njia rahisi ni kuyafanya mengi ya haya kuwa utaratibu wa idara nzima: maagizo ya maandishi, saa mbili za ukimya, picha za risiti, tarehe ndogondogo. Hakuna anayedhurika nayo, na hakuna anayebaki akinyooshewa kidole. Yale machache yanayomhusu yeye peke yake, jibu lako kwa waulizaji ni moja: mambo ya mtu na msimamizi wake hayajadiliwi. Halafu usiyajadili.

Siri hiyo si adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Cheti cha daktari kisizagae kwenye faili ambalo kila mtu wa utawala analifungua, na afisa rasilimali watu asiandike jina la ugonjwa kwenye barua ya ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufanyiwa marekebisho ya busara kazini. Kama ADHD ya mtu fulani inafikia kiwango hicho ni suala la daktari na mwanasheria. Ila mwajiri mwenye akili hasubiri kesi ifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndipo anunue ubao mweupe.

Akitaka kwenda kupimwa, mpe siku. Hospitali kama Muhimbili au Mirembe zina wataalamu wa afya ya akili, na safari haitakuwa moja. Baadhi hupewa dawa. Methylphenidate, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, ni dawa inayodhibitiwa, na daktari ndiye wa kusema inafaa au haifai. Wewe msimamizi huna la kuuliza kuhusu dawa, wala kumwambia azitupe akaombewe. Kuna jambo moja tu la kiofisi ambalo wengi hawalijui: dawa hiyo inadhibitiwa pia katika Falme za Kiarabu, na anayeingia nayo anapaswa kuwa na kibali kilichoombwa kabla. Ukimtuma mtu Dubai kwa shughuli za kampuni, waambie wafanyakazi wote wanaosafiri wakague kanuni za dawa zao mapema. Ukiwaambia wote, hakuna anayelazimika kujitaja.

Yapo mambo ambayo ADHD haiyaelezi. Haielezi wizi wa masurufu, wala matusi kwa mteja, wala kumsumbua mwenzake kimapenzi. Haimruhusu mtu kuendesha kreni huku mawazo yapo kwingine. Na yapo mazingira ambamo umefanya yote haya kwa miezi mitatu, mmekutana kila Ijumaa kwa dakika kumi na tano, na kazi bado haifanyiki. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha kwa utendaji duni, kwa hiyo kumbukumbu za zile Ijumaa zitunzwe, nakala moja kwake. Kabla ya kufika huko, tazama kama nafasi yenyewe ndiyo mbaya. Nimemfahamu karani wa kumbukumbu aliyeshindwa kabisa kutunza majalada, akahamishiwa kitengo cha malalamiko ya wateja, akawa ndiye ambaye kila mwenye hasira anaelekezwa kwake. Majalada alipewa mtu mwingine.

Na kama unaposoma hapa umeshafungua vitu vitatu vingine kwenye simu, umeahirisha kujibu barua ya bodi tangu wiki iliyopita, na katibu wako ndiye anayejua ratiba yako kuliko wewe, fahamu kwamba hali hii haiishii kwa walio chini. Kuna maswali 18 ya kujichunguza kwa watu wazima yaliyotayarishwa kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, sita ya mwanzo yakiwa ndiyo ya kuchuja. Hayatoi jibu la mwisho, ila yanakuonyesha kama kuna haja ya kumwona daktari. Wakati unasubiri miadi, mpe katibu mamlaka ya kukukatalia kikao cha nne kwa siku. Na yale mawazo mazuri yanayokujia saa tano usiku, yaandike, uyalalie, uyatume asubuhi yakiwa mistari mitatu.